Viti Bila Mfuko: Kasese, Bwera na Baraza Lisilokamilika

Historia ya Rwenzururu, harakati za Wakonzo na Wabamba wa milima ya Rwenzori nchini Uganda, husimuliwa zaidi kama historia ya vita na ufalme. Tunatajiwa Isaya Mukirania na mwanawe Charles Wesley Mumbere, tunatajiwa miaka 20 ya mapigano milimani, taji la 2009 na maafa ya 2016. Yote hayo yalitokea na yana uzito wake. Lakini anayeyafuata mambo tangu chimbuko lake ataona kwamba kabla ya mkuki kulikuwa na kikao, na kabla ya taji kulikuwa na kiti cha mjumbe. Walioanzisha mgogoro mapema mwaka 1962 hawakuwa askari. Walikuwa wajumbe waliochaguliwa, wameketi katika Rukurato, baraza la ufalme wa Toro, wakibishana juu ya maneno yatakayoandikwa katika katiba. Hoja ninayoitetea hapa ni hii: watu wa mlima walidai mamlaka ya kuamua ndani ya baraza, na kila walipodai wakapewa kitu kingine, mara mpaka, mara vyeo, mara taji. Ndiyo maana Kasese ya leo ina wajumbe wengi kuliko wakati wowote uliopita, na bado lile lililodaiwa mwanzo halijatolewa. Na mjadala wa kuipa Bwera, sehemu ya Kasese iliyo mpakani na Kongo, wilaya yake, ambao haukomi, ni sura ya karibuni ya jambo hilohilo.

Tuanzie mwaka 1900. Mkataba wa Toro, uliotiwa saini mwezi Juni mwaka huo kati ya Sir Harry Johnston na Omukama (mfalme) Kasagama, uliziweka Busongora na Bwamba ndani ya mipaka ya Toro. Kasagama mwenyewe alikuwa amerudishwa kitini na Kapteni Lugard mwaka 1891, kwa hiyo ufalme uliokabidhiwa mlima ulikuwa wenyewe unasimama kwa nguvu za Waingereza. Wakonzo na Wabamba, wenyeji wa maeneo hayo, hawakuwapo mezani. Kilichofuata kwao kilikuwa utawala wa machifu wa saza (kaunti) na gombolola (kata) waliotumwa kutoka nje, kodi iliyokusanywa na machifu hao, na Rutooro kama lugha ya shule, mahakama na maombi. Mwaka 1919 Nyamutswa na Tibamwenda, pamoja na Kapolya, waliongoza uasi dhidi ya utawala huo, nao wakanyongwa Kagando mwaka 1921. Inafaa kukumbuka kwamba wakati ule hapakuwa na chombo chochote ambacho mkulima wa Bukonzo angeweza kukipelekea malalamiko yake akasikilizwa kama mwenye haki ya kusikilizwa. Chifu ndiye aliyetoza, ndiye aliyehukumu, na ndiye aliyeripoti kwa mzungu kwamba mambo ni shwari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali hiyo ilianza kulegea. Sheria ya serikali za mitaa ya 1949 iliyapa mabaraza ya wilaya nchini Uganda hadhi ya kisheria, na sheria ya 1955 ikayaongezea kazi. Rukurato, lililokuwa baraza la machifu na wateule, likaanza kupokea wajumbe waliochaguliwa. Milimani nako kulikuwa na kizazi kipya kilichosoma shule za misheni. Mukirania, mwalimu, alianzisha mwaka 1954 chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo, kazi iliyoonekana ya kitaaluma tu, kumbe ilikuwa ikijenga hoja kwamba watu hawa wana asili na mila zao na hawakuwahi kuwa tawi la watu wengine. Uchumi nao ulikuwa umebadilika. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kazi. Ukijumlisha shaba hiyo na chumvi ya Katwe, utaona kwamba sehemu ya Toro iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa na utajiri wa ardhini. Swali la nani anakaa barazani likawa pia swali la nani anagawa mapato.

Kwa hiyo Wakonzo na Wabamba walipopata wajumbe katika Rukurato, walikwenda na madai yanayoeleweka. Kwa idadi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote wa Toro. Toro ilikuwa ikijiandaa kuingia katika uhuru wa Uganda ikiwa na hadhi ya nusu shirikisho, na katiba yake ilikuwa inaandikwa. Wajumbe wa mlima walitaka katiba hiyo iwataje kama watu wa Toro wenye haki sawa na Watoro, na wapate sehemu yao ya madaraka. Walio wengi wakakataa. Wajumbe wakatoka barazani na kudai wilaya yao wenyewe. Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wa Bwamba, waliokuwa mbele katika madai hayo, wakakamatwa. Tarehe 30 Juni 1962, miezi mitatu na siku chache kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa, Rwenzururu ilitangaza kujitenga. Tazama mpangilio wa hatua: walianza na maneno katika katiba, wakaja na wilaya, ndipo wakafikia utengano. Kila hatua ilifuata mlango uliofungwa katika hatua iliyotangulia.

Wapo watakaopinga na kusema kwamba madai ya baraza yalikuwa kifuniko tu, kwamba tangu mwanzo wakubwa wa Rwenzururu walitaka mfalme wao kama Watoro walivyokuwa na wao. Hoja hiyo ina kitu ndani yake. Ni kweli kwamba Mukirania alikuja kutawazwa Omusinga, yaani mfalme, na kwamba alipofariki mwaka 1966 mwanawe, kijana mdogo bado, alirithi kiti. Lakini tukitazama serikali iliyojengwa milimani tunaona ilikuwa kitu kipana kuliko mfalme na watumishi wake. Ilikuwa na mawaziri na bunge, ilikuwa na machifu wa saza na gombolola, ilitoza kodi, ilikuwa na mahakama na shule. Mpangilio wenyewe uliigwa kwa kiasi kikubwa kutoka Toro, utawala waliokuwa wameukimbia. Mtu anayetaka mfalme peke yake hahitaji kujipa mzigo wa kutunza daftari za kodi kwenye miteremko ya mlima wakati jeshi linamsaka. Kazi kubwa namna hiyo hufanywa na watu waliokosa chombo cha kuamulia mambo yao, wakakitengeneza wenyewe.

Serikali ya Kampala ilikuwa na nafasi ya kulisoma jambo hili vizuri. Tume iliyoongozwa na Dakta Sembeguya iliundwa kuchunguza machafuko, na mwezi Februari 1963 hali ya hatari ikatangazwa katika maeneo yaliyohusika. Linganisha na lililotendeka kwa Bunyoro. Saza za Buyaga na Bugangaizi, zilizokuwa zimepewa Buganda enzi za ukoloni, ziliwekewa kura ya maoni ndani ya katiba ya uhuru, na tarehe 4 Novemba 1964 wakazi wake wakapiga kura kurudi Bunyoro. Wakazi wa Busongora na Bwamba, ambao malalamiko yao yalitokana na mkono uleule wa kikoloni, hawakuulizwa kwa kura. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba nyuma ya Buyaga na Bugangaizi alisimama mfalme aliyetambuliwa, na nyuma ya Wakonzo na Wabamba walisimama wajumbe wachache waliokuwa wameshinda uchaguzi wa kawaida. Somo ambalo watu wa mlima walijifunza kutokana na hilo ni zito, na sidhani kwamba limewahi kufutika: mjumbe hasikilizwi, mfalme husikilizwa.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa kifupi. Katiba ya 1967 ilifuta falme zote, na mabaraza ya wilaya yakawekwa chini ya mkono wa waziri. Idi Amin alipotwaa nchi mwaka 1971 alilivunja bunge na mabaraza ya wilaya pamoja nalo. Kisha, mwaka 1974, akawapa Wakonzo na Wabamba kile walichokidai miaka 12 nyuma: wilaya mbili zilizotenganishwa na Toro, moja ikawa Kasese tunayoijua, nyingine Bundibugyo. Wengi milimani na mabondeni walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu mpaka ule uliwatoa chini ya machifu wa watu wengine. Lakini mpaka ulichorwa wakati ambapo hapakuwa na baraza lolote la kuchaguliwa nchini. Wilaya ilizaliwa na gavana wa kijeshi juu yake na bila mjumbe hata mmoja ndani yake.

Mwaka 1980 Kasese ilionyesha kwamba hamu ya kuwakilishwa ilikuwa hai. Katika uchaguzi ule ambao chama cha Uganda Patriotic Movement kilishindwa karibu kila mahali, mgombea wake pekee aliyeingia bungeni, Dakta Crispus Kiyonga, alichaguliwa Kasese. Miaka miwili baadaye, Agosti 1982, Mumbere aliteremka na watu wake wakaweka silaha chini. Makubaliano na serikali ya Rais Obote yalihusu kuacha kujitenga, nao wakaahidiwa nafasi za kazi serikalini kwa watu wa eneo, magari, ufadhili wa masomo, na kiasi fulani cha kujiamulia mambo yao. Mumbere mwenyewe akaenda Marekani. Sina nia ya kuyabeza makubaliano hayo, yaliokoa maisha ya watu. Ila yachunguze yalivyoundwa. Manufaa yalikuwa ya kugawiwa watu, na mgawaji alikuwa Kampala kupitia wazee wa eneo. Sehemu ya kujiamulia ndiyo iliyokuwa hafifu kuliko zote, na ndiyo iliyoyeyuka kwanza.

Mabadiliko yenye maana halisi yalikuja baada ya 1986. Mabaraza ya Resistance yaliyoenezwa na serikali mpya, na baadaye mabaraza ya mitaa, yaani LC, kutoka ngazi ya kijiji hadi wilaya, yaliwapa watu wa Kasese na Bwera kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho chini ya Toro wala chini ya Amin. Katiba ya 1995 iliyataja makabila ya nchi katika jedwali lake la tatu, na humo wamo Wakonzo na Wabamba, jambo lililokuwa limekataliwa katika Rukurato. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 ililifanya baraza la wilaya kuwa chombo cha kutunga sheria ndogo, si la kushauri tu. Theluthi moja ya viti ni vya wanawake. Vijana, watu wenye ulemavu na wazee wana wajumbe wao. Mtu akitaka kujua kama baraza la Rukoki, makao ya wilaya ya Kasese, linafanana na jamii inayoliweka madarakani, jibu ni kwamba linafanana nayo kuliko mabaraza mengi ya nchi tajiri. Kwa upande wa viti, safari iliyoanza na wajumbe wachache waliopuuzwa imefika mbali sana, na asiyekubali hilo hawatendei haki waliohangaika.

Tatizo liko upande wa mfuko. Kodi ya kichwa, ambayo kwa ubaya wake wote ilikuwa pato kubwa la wilaya, ilisitishwa mwaka 2005. Hakuna aliyelilia ukali wake, na sababu za kuifuta zilikuwa nzuri kwa maskini. Lakini baraza lilibaki na ushuru wa soko, ada za leseni na vyanzo vingine vidogo, na bajeti yake ikawa karibu yote ruzuku kutoka Kampala, nyingi zikiwa zimekwisha kupangiwa matumizi kabla hazijafika: hii ni ya mishahara ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara. Marekebisho ya katiba ya mwaka huohuo yalihamisha uteuzi wa ofisa mkuu wa utawala wa wilaya kutoka wilayani kwenda tume ya kitaifa, kwa hiyo mtu anayeshika kalamu ya malipo hawajibiki kwanza kwa baraza analolihudumia. Sheria ndogo ikitungwa, lazima ipite kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla ya kutiwa saini. Na ngazi ya kijiji, inayomgusa mwananchi kila anapohitaji barua au anapogombania mpaka wa shamba, ilikaa bila uchaguzi tangu 2001 hadi Julai 2018. Ukiyaweka haya pamoja unapata baraza linalojadili mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Mfano wa Kilembe unaonyesha jambo hili wazi. Mgodi uliojenga mji wa Kasese ulisimama miaka mingi, na mwaka 2013 ukakodishwa kwa kampuni ya Kichina, Tibet Hima, kisha mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Kukodisha na kuvunja, yote yalifanyika Kampala. Sheria ya madini ya 2003 ilizipa serikali za mitaa asilimia 17 ya mrabaha, lakini mgodi uliolala hauna mrabaha, na baraza halikuwa na kura katika kuuamsha wala kuulaza. Mwaka huohuo wa 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kulivuruga bonde la Kilembe, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali. Kujenga kingo za mto wa mlimani ni kazi ghali, na hakuna anayetarajia wilaya ifanye peke yake. Linalouma ni kwamba wilaya yenye shaba, chumvi, saruji ya Hima na mbuga mbili za taifa inalazimika kusubiri uamuzi wa mbali hata kwa mto inaoujua jiwe kwa jiwe. Sehemu kubwa ya ardhi yake imefungwa ndani ya hifadhi za Queen Elizabeth na Rwenzori. Wanachopata majirani wa hifadhi kwa sheria ni asilimia 20 ya ada za kiingilio, huku tembo wakila mihogo na pamba bila kujali asilimia.

Najua jibu la wizarani, na si jibu la kupuuza. Wanasema fedha za wilaya zimewahi kupotea mikononi mwa madiwani, wilaya maskini ikiachiwa vyanzo vyake itazidi kuwa maskini, na mtoto wa Karusandara ana haki ya mwalimu sawa na mtoto wa Kampala, kwa hiyo ni lazima serikali kuu isawazishe. Hoja ya kusawazisha naikubali kabisa. Mishahara ya walimu na dawa za hospitali zisitegemee bahati ya wilaya kuwa na mgodi. Lakini kusawazisha hakuhitaji kufunga kila shilingi. Serikali kuu inaweza kulipa walimu na wauguzi, kisha ikaacha sehemu kubwa ya mrabaha, ya mapato ya utalii na ya ruzuku zisizo na masharti ijadiliwe na kuamuliwa Rukoki. Ama wizi, wizi haukuanza wilayani wala hautakoma kwa kuhamishia kalamu Kampala. Diwani anayeiba fedha aliyoipigia kura mbele ya wapiga kura wake anaweza kuulizwa sokoni Kisinga. Anayeiba fedha iliyopangwa mbali huulizwa na nani?

Jibu jingine ni kwamba Kasese ina wabunge wake, na bungeni ndiko bajeti inakopitishwa. Mwaka 2016 wabunge wote sita wa wilaya walitoka chama cha upinzani cha FDC, na mmoja wao, Winfred Kiiza, akawa kiongozi wa upinzani bungeni. Huo ulikuwa ushahidi wa wapiga kura wanaojua wanachofanya. Lakini viti sita ndani ya bunge lenye wajumbe zaidi ya 400 haviamui mgao wa mrabaha wa Kilembe. Vilevile mpiga kura anayejua kwamba fedha zote hutoka juu hushawishika kumchagua mjumbe kwa ukaribu wake na wenye fedha, au kwa hasira dhidi yao, na njia zote mbili humwacha mjumbe bila kupimwa kwa kazi yake. Uchaguzi wa wilaya iliyokosa mfuko hugeuka kura ya kuipenda au kuichukia serikali kuu, na hilo limeonekana Kasese mara nyingi.

Hapo ndipo taji lilipopata nguvu. Serikali iliutambua Obusinga bwa Rwenzururu, yaani ufalme wenyewe, na tarehe 19 Oktoba 2009 Mumbere akatawazwa rasmi. Kwa watu waliodharauliwa miaka 100 ilikuwa siku ya heshima, na heshima ni haja ya kweli. Lakini ibara ya 246 ya katiba inasema wazi kwamba kiongozi wa jadi hatakuwa na mamlaka yoyote ya utawala, ya kutunga sheria wala ya utendaji. Kwa hiyo mlima ulipata mfalme, mawaziri na bunge la kitamaduni ambavyo havina ruhusa ya kuamua, kando ya baraza la wilaya lenye ruhusa ya kuamua ila halina fedha. Kila kimoja kilikuwa na nusu ya kile kinachohitajika, na vikaanza kushindania mioyo ya watu walewale. Wengine nao wakajifunza somo la 1964. Bwamba ilipata utambuzi wa mtawala wake, na katika Kasese yenyewe Wasongora na Wanyabindi wakadai wafalme wao. Julai 2014 mapigano yalizuka Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Mwezi Novemba 2016 majeshi yalivamia ikulu ya Omusinga mjini Kasese, na kwa mujibu wa Human Rights Watch watu zaidi ya 100 waliuawa, wakiwemo watoto. Mumbere alikamatwa, mashtaka yakaondolewa mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo akarudi nyumbani. Waliokufa hawajapata uchunguzi unaowastahili, na hilo ni deni ambalo hakuna marekebisho ya mabaraza yatakayolilipa.

Ili kupima kama ninayoyasema ni ya Kasese tu, tutazame visiwani. Zanzibar ilipata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, na kwa miaka 30 likawa la wateule. Uchaguzi wa kwanza wa viti sita ulifanyika 1957. Mwaka 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kura zaidi ya nusu lakini viti 13 tu kati ya 31, na mwezi Januari 1964 baraza lile likafagiliwa na Mapinduzi. Visiwa vikakaa bila chombo cha kutunga sheria kilicho mbali na Baraza la Mapinduzi hadi Baraza la Wawakilishi lilipokutana mwaka 1980. Baraza hilo limepita katika chaguzi zenye damu, na hakuna sababu ya kulipamba. Ila jambo moja linalitofautisha na la Rukoki: yapo mambo yasiyo ya muungano ambayo ni yake, linapitisha bajeti ya serikali yake, na waziri anasimama mbele yake kujibu. Ndiyo maana pande zinazogombana Zanzibar zimerudi mara kwa mara kugombania nafasi ndani ya serikali na baraza hilo. Mtu atasema Zanzibar ilikuwa dola na Kasese ni wilaya. Ni kweli, na simwombei Omusinga wala mwenyekiti wa wilaya dola. Lakini Kasese ilikuwa na watu karibu 700,000 katika sensa ya 2014, zaidi ya nusu ya watu waliohesabiwa Zanzibar miaka miwili nyuma. Jamii ya ukubwa huo si ndogo mno kuaminiwa na mfuko.

Kuna pingamizi moja ninaloliona zito kuliko mengine yote, nalo linatoka ndani ya Kasese. Wasongora na Wanyabindi huuliza: baraza la Rukoki likipewa nguvu, sisi tutakuwa wapi? Wakonzo ni wengi wilayani kama Watoro walivyokuwa wengi katika Rukurato. Mfugaji wa Busongora anayeshindwa kwa kura kuhusu ardhi ya malisho yuko katika nafasi ileile aliyokuwa nayo mjumbe wa Bukonzo mwaka 1962, na kumwambia kwamba walio wengi wameamua ni kurudia maneno yaliyouzaa mgogoro. Wasongora na Wanyabindi wametajwa katika jedwali la tatu la katiba, lakini kutajwa hakumlindi mtu siku ya kura. Kwa hiyo mamlaka zaidi kwa baraza lazima yaje na kizuizi juu ya baraza: uamuzi unaohusu ardhi ya malisho, lugha ya shule za awali au jina la eneo usipite bila ridhaa ya wajumbe wa jamii inayoguswa, na viti vya jamii hizo viwekwe kwa sheria, visiachwe kwa huruma ya vyama. Wakonzo wana sababu ya kihistoria kuliko watu wengine wa Uganda ya kuwa wa kwanza kupendekeza jambo hili. Wakilipendekeza wao, litakuwa na nguvu ambayo amri ya Kampala haiwezi kulipa.

Sasa Bwera. Kutoka Mpondwe, mpakani na Kongo, hadi ofisi za Rukoki ni zaidi ya kilomita 50, na mtu wa Karambi au Ihandiro ana safari ndefu zaidi kabla hajafika barabara ya lami. Wanaotaka wilaya ya Bwera wanasema huduma ziko mbali, nao wanasema kweli. Wanaopinga, wakiwemo wengi walio karibu na Obusinga, wanaona kugawanywa kwa Kasese kama njia ya kuidhoofisha sauti ya mlima, na historia haiwaruhusu waliotulia Kampala kuwacheka kwa hofu hiyo. Mimi naona pande zote mbili zinabishania mpaka, jambo ambalo serikali kuu imekuwa tayari kulitoa tangu enzi za Amin. Wilaya mpya itahitaji jengo, magari, mwenyekiti, madiwani na ofisa mkuu atakayeteuliwa na tume ileile. Gharama zake zitakatwa katika ruzuku zilezile, na huenda zikabaki kidogo zaidi kwa ajili ya zahanati. Wakati huohuo mpaka wa Mpondwe ni mmojawapo wa milango mikubwa ya biashara kati ya Uganda na Kongo. Jumanne na Ijumaa soko lake hufurika watu kutoka Kasindi na Beni, mahindi na samaki wakienda upande mmoja, mawese na vitenge vikija upande mwingine. Ushuru wa forodha unaokusanywa hapo hupokelewa na mamlaka ya mapato ya nchi, na halmashauri ya mji wa Mpondwe-Lhubiriha hubaki na ada za soko na za maegesho ya malori. Sehemu ndogo tu ya ushuru huo, ikiwekwa kwa sheria mikononi mwa madiwani wa Bukonzo, ingejenga barabara ya Karambi hata kama makao ya wilaya yangebaki Rukoki. Kabla Bwera haijakubali au kukataa wilaya, madiwani wake wadai kwanza jibu la maandishi kwa swali la ushuru wa Mpondwe, na walipeleke dai hilo pamoja na madiwani wa Busongora wanaodai mrabaha wa Kilembe, katika kikao kimoja, kwa azimio moja.